SEMA UMETOKA WAPI: Afya ya Kibarua wa Msimu



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya mishahara, mikataba na saa za kazi. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya mshahara, lakini bila hilo mshahara wenyewe hauna faida. Jambo hilo ni kujua: kujua ugonjwa unatoka wapi, kujua kusoma bahasha ya dawa, na kujua kumweleza muuguzi habari zako mpaka akuelewe.

Tunawafikiria hasa wenzetu vibarua wa msimu. Hao ndio wanaoteremka kutoka milimani kwenda kulima mpunga Gihanga, kuvuna chikichi Rumonge au kukata miwa Moso, na wale wanaovuka mpaka kwenda kulima mashamba ya watu upande wa Kigoma. Sisi wa Musaga tunawaona kila mara, kwa sababu barabara ya kutoka Matana na Ijenda inapita hapa kwetu kabla ya kufika katikati ya jiji. Wanashuka kwenye gari na jembe na mfuko, wanalala usiku mmoja kwa ndugu, na asubuhi wanaendelea na safari. Baada ya mwezi au miezi miwili tunawaona tena wakirudi. Wengine wanarudi na fedha. Wengine wanarudi na homa.

Kijana mmoja wa Mugamba alipita hapa akitoka kulima mpunga kwa majuma sita. Alikula pamoja nasi akiwa mzima kabisa, akatuonyesha kitenge alichomnunulia mama yake. Siku ya kumi baada ya kufika nyumbani homa ikamshika. Majirani wakasema amelishwa sumu na watu waliomwonea wivu kwa fedha zake. Akapelekwa kwa mganga wa kienyeji, akakaa huko siku tatu. Alipofikishwa kwenye kituo cha afya alikuwa hajitambui tena, na waliomleta walisema habari za sumu tu. Hakuna aliyesema kwamba kijana huyu ametoka Imbo. Tulipanda kwenda kwenye kilio.

Njiani tukirudi tulijiuliza: kijana huyu amekosa nini? Dawa ilikuwapo kituoni. Gari lilikuwapo. Hata fedha zilikuwapo mfukoni mwake. Alichokosa ni sentensi moja: "Nimetoka kufanya kazi Imbo." Tangu siku hiyo tuliamua kuwafundisha wenzetu wa msimu kusema mambo matatu kila wanapofika mbele ya muuguzi: nimetoka wapi, nimegusa nini, nimemeza nini.

SEMA UMETOKA WAPI

Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote katika Burundi, una mita 2,670. Kati ya bonde la Imbo na vilele vya Mugamba, mtu hushuka au hupanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu, na kwa gari ni safari ya saa chache tu. Lakini kwa mbu tofauti ni kubwa sana. Mbu anayeleta malaria, yaani inyonko, hupenda joto. Imbo lina joto na maji yaliyosimama, na mashamba ya mpunga ni maji yaliyosimama. Huko juu kuna baridi, na malaria ni haba.

Mtu aliyekulia bondeni ameumwa malaria mara nyingi tangu utoto, na mwili wake umejifunza kupigana nayo kwa kiasi fulani. Anaweza kuumwa, lakini mara nyingi haimwangushi haraka. Mtu wa milimani mwili wake haujajifunza vita hivyo. Akiumwa, huumwa vibaya, hata kama ni kijana mwenye nguvu anayebeba magunia. Nguvu za mikono si kinga ya malaria.

Tulijifunza jambo hilo nchi nzima kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2000 na kuingia 2001, malaria ilipanda milimani, ikaenea katika mikoa ya juu kama Kayanza, Ngozi na Karuzi. Wagonjwa waliohesabiwa walipita milioni. Tena mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza kwamba malaria imekuwa janga la mlipuko. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba baridi ya kwao inatosha kumlinda.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni hili: malaria haianzi siku mbu anapouma. Mbu huuma usiku, kisha siku hupita, mara nyingi kati ya 7 na 15, na wakati mwingine hata mwezi, ndipo homa hutokea. Maana yake ni nini kwa kibarua? Maana yake ni kwamba ameumwa na mbu akiwa shambani, lakini ataugua akiwa nyumbani. Ugonjwa umepanda gari pamoja naye, na hakuna aliyeuona. Ndiyo maana watu husema: "Alifika mzima, ameanza kuumwa hapa hapa, basi kuna mtu amemfanyia kitu." Hakuna aliyemfanyia kitu. Ni hesabu ya siku tu.

Kwa hiyo, ndugu yetu, ukipata homa ndani ya siku 30 baada ya kutoka Imbo, Moso au Kigoma, usingoje. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake, na neno lako la kwanza liwe: "Nimetoka mahali penye malaria, naomba nipimwe damu." Huko milimani muuguzi huona wagonjwa wengi wa kifua, na anaweza kufikiri nawe ni wa kifua. Yeye hawezi kuliona shamba ulilolima. Wewe ndiwe macho yake.

Na ikiwa mgonjwa amelemewa na hawezi kusema, anayempeleka aseme. Kwa sababu hiyo usisafiri kimya. Waambie mke wako, mama yako au jirani mahali unapokwenda na siku uliyorudi.

SEMA UMEGUSA NINI

Kazi ya shamba ina hatari mbili ambazo huingia mwilini kupitia ngozi, na mtu haoni kitu.

Ya kwanza ni maji. Katika maji ya mashamba ya mpunga na mifereji huishi konokono wadogo, na kutoka kwao hutoka vijidudu vya kichocho. Kichocho cha kwetu Burundi ni cha tumbo. Vijidudu hupenya kwenye miguu ya mtu aliyesimama majini, na hahitaji kuwa na kidonda. Baada ya majuma au miezi mtu huumwa tumbo na hutoa damu katika choo kikubwa. Akikaa nacho miaka mingi bila dawa, ini huharibika na tumbo huvimba. Dawa yake ipo na inaponya, lakini hutolewa kwa kufuata uzito au urefu wa mtu, kwa hiyo usiigawe na mwenzako. Kisha kumbuka jambo moja: konokono hupata ugonjwa huo kutoka kwa choo chetu wenyewe. Anayejisaidia kando ya mfereji leo anawaambukiza wenzake wa msimu ujao, na yeye mwenyewe akiwamo.

Ya pili ni dawa ya kunyunyizia wadudu. Wengi wetu tumewahi kupewa pampu ya kubeba mgongoni na kuambiwa, "Piga dawa mpaka kwenye mti ule." Hatukuambiwa ni dawa gani. Kopo lina maandishi ya Kifaransa au Kiingereza. Lakini hata asiyejua kusoma anaweza kusoma rangi. Angalia utepe ulio chini ya karatasi ya kopo. Utepe mwekundu ni sumu kali sana. Wa njano ni sumu kali. Wa buluu hatari yake ni ndogo kuliko hizo, na wa kijani ni ndogo zaidi. Lakini kijani si ruhusa ya kunawa nayo. Fuvu la kichwa na mifupa miwili lina maana moja kila nchi: hii inaua.

Sumu nyingine huleta dalili zinazofanana na za ugonjwa wa kawaida: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, tumbo kukata. Ukiona pia jasho jingi, mate kujaa mdomoni, macho kuona giza na pumzi kuwa nzito, jua kwamba ni sumu. Mwondoe mwenzako shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mkimbizeni kituoni. Watu wengi husema apewe maziwa. Maziwa si dawa ya sumu hizi, na kuyatafuta ni kupoteza wakati. Msimlazimishe kutapika. Chukueni kopo lenyewe au karatasi yake mkamwonyeshe muuguzi, maana matibabu hutegemea aina ya sumu. Ukifika mikono mitupu na kusema "ameumwa tu", yeye ataanza kubahatisha.

Na kopo likiisha, lisirudi nyumbani kuwa la maji au la mafuta. Hilo tunawaomba hasa akina mama, kwa sababu wao ndio wanaoletewa kopo zuri lenye kifuniko.

SEMA UMEMEZA NINI

Kibarua hapendi kupoteza siku, kwa sababu siku asiyofanya kazi hailipwi. Kwa hiyo akihisi homa hununua vidonge viwili vitatu dukani, humeza, homa hushuka, naye hurudi shambani. Baada ya siku chache homa hurudi na nguvu zaidi. Kidonge cha kutuliza maumivu hushusha joto la mwili, lakini hakiui malaria. Kimezima taa tu, mwizi bado yumo ndani.

Wazee wetu bado huulizia klorokini. Ndugu, klorokini ilishindwa. Malaria iliizoea, na tangu 2003 nchi yetu ilihamia kwenye dawa za mseto, yaani dawa mbili zinazopigana pamoja. Dawa za mseto za vidonge hunywewa kwa siku 3. Siku ya pili mtu hujisikia amepona, na hapo ndipo wengi hukosea: humwekea mwenzake vidonge vilivyobaki, au huvificha kwa safari nyingine. Vijidudu vilivyobaki mwilini huinuka tena, na yule mwenzake naye amepata nusu ya dawa. Watu wawili, na hakuna aliyepona.

Halafu kuna jambo la saa. Mwanachama wetu mmoja alipewa bahasha iliyoandikwa "8h" na "20h". Yeye anajua kusoma, na husoma kama sisi sote tunavyohesabu saa. Akasoma saa nane, akameza saa nane mchana. "Ishirini" hakuielewa kabisa, akaona haya kuuliza, akaiacha. Kumbe aliyeandika alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mtu huyu hakuwa mjinga, wala muuguzi hakuwa na nia mbaya. Wawili hao walikuwa wakihesabu saa mbili tofauti, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tunaomba vituo vya afya vichore jua na mwezi kwenye bahasha. Kalamu ni ile ile.

Kwa hiyo mweleze muuguzi kila ulichomeza: vidonge vya dukani, mizizi, dawa ya mganga wa kienyeji. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha, kabla hujaondoka, mwambie: "Ngoja nirudie ulichoniambia." Rudia kwa mdomo wako: ninywe vingapi, asubuhi na jioni, siku ngapi, pamoja na chakula au bila chakula, na dalili gani ikitokea nirudi. Ukikosea atakusahihisha pale pale. Hiyo si dharau kwake. Hata fundi kiwandani hurudia agizo kabla ya kuwasha mashine.

Karatasi au kaye uliyoandikiwa itunze pamoja na kitambulisho chako, na urudi nayo nyumbani. Kwa aliyevuka mpaka, karatasi hiyo ndiyo itakayomsimulia muuguzi wa nyumbani yaliyotokea huko.

MAARIFA HAYABANDIKWI UKUTANI

Hapa tunapaswa kujisema sisi wenyewe. Miaka iliyopita tulipata matangazo ya afya, makubwa na mazuri, yote kwa Kifaransa. Tukayabandika kwenye ukuta wa mahali tunapokutana, tukaona kazi imekwisha. Siku moja mama mmoja alituuliza kama yule mtu kwenye picha ni mgombea wa uchaguzi. Tuliona aibu, na ilitustahili.

Wenzetu wa Tanzania walituonyesha njia nyingine zamani. Mwaka 1973 waliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini mwao, wakisikiliza radio kwa Kiswahili na kusoma kijitabu pamoja, anayejua kusoma akimsomea asiyejua. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo na mengine. Lakini hawakuishia kusikiliza. Kila kikundi kilijadiliana na kuamua kitafanya nini, na vyoo vingi mno vilichimbwa katika msimu huo mmoja. Siri yake ilikuwa tatu: lugha yao, kikundi chao, na kazi ya mikono baada ya maneno.

Hapa Musaga tumeanza kidogo kwa njia hiyo. Jumapili mchana tunakaa na vibarua wanaopita, kwa Kirundi na Kiswahili. Mmoja anakuwa muuguzi, mwingine mgonjwa, na wengine wanasikiliza kama ameyasema mambo matatu. Watu hucheka sana, lakini hawasahau. Mzee mmoja asiyejua kusoma sasa ndiye anayewafundisha vijana rangi za kopo.

MWAJIRI NAYE ANA WAJIBU

Tusidanganyike kwamba kila kitu ni juu ya mfanyakazi kujua. Zamani babu zetu walikwenda Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Walipimwa miili kuona kama inafaa kwa kazi. Hakuna aliyekaa nao kuwaeleza namna ya kuitunza miili hiyo. Hatutaki hesabu hiyo irudi.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2001 Mkataba namba 184 juu ya usalama na afya katika kilimo. Mkataba huo unasema kwamba mfanyakazi wa shamba ana haki ya kuelezwa hatari za kazi yake, na ya kujiondoa mbele ya hatari kubwa iliyo karibu. Unasema pia kwamba kibarua wa muda na wa msimu apate kinga ile ile anayopata mfanyakazi wa kudumu anayefanya kazi kama yake. Na tangu Juni 2022 Shirika hilo limehesabu usalama na afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi za kazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na chama.

Kwa hiyo tunadai, na tutaendelea kudai: kapita aeleze dawa iliyomo kwenye pampu kabla haijabebwa, buti na glavu ziwepo, maji na sabuni viwepo karibu na shamba, vyandarua viwepo mahali vibarua wanapolala, na anayeumwa apelekwe kituoni, asifukuzwe. Akina mama nao wajue kwamba Mei 1, 2006, siku yetu ya wafanyakazi, serikali ilitangaza matibabu ya bure katika vituo vya umma kwa watoto walio chini ya miaka 5 na kwa wanaojifungua. Mpaka leo tunakutana na akina mama shambani ambao hawajaambiwa. Haki usiyoijua ni kama shamba usilojua mipaka yake: kila mtu atakulimia.

KAZI YA KAMATI ZETU

Tunaomba kila kamati ya kiwanda na ya shamba ifanye mambo manne. Kwanza, ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kufundisha mambo matatu kwa kila kibarua mpya siku ya kwanza. Pili, iende kuonana na muuguzi wa kituo kilicho karibu, wafahamiane kabla ya shida. Tatu, itunze daftari la vibarua: jina, mlima anakotoka, siku aliyofika na siku aliyoondoka. Nne, anapoondoka, aambiwe kwa mdomo: "Hesabu siku 30. Homa ikija, sema umetoka wapi."

Ninyi wa viwandani msiseme kwamba haya hayawahusu. Wengi wenu mna kaka au shemeji ambaye msimu ujao atapita Musaga na jembe lake. Usiku ule mmoja atakaolala kwako, mpe chakula, mpe mkeka, na mpe sentensi ile ambayo yule kijana wa Mugamba hakupewa na mtu. Alikula pamoja nasi, na sisi hatukumwambia.

Kuuliza si ujinga. Umoja ni nguvu.